Maji ni ya Nani? Haki ya Kunywa na Wajibu wa Mwanafunzi

Maji ya kunywa huzua swali ambalo dini, sheria na falsafa zimelijibu kwa njia mbalimbali: je, kitu ambacho hakuna binadamu aliyekiumba chaweza kuwa mali ya mtu mmoja, akakiuza au akawanyima wengine? Swali hilo huwagusa sana watoto wa shule. Wao hubeba ndoo, wao huugua upesi maji yakiwa machafu, na wao huambiwa kila mara kwamba wana wajibu wa kusaidia. Kabla ya kueleza watasaidia vipi, ni lazima ijulikane wanadai nini na wanadaiwa nini.

Katika Uislamu, msingi umewekwa na hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Ibn Majah, inayowafanya Waislamu kuwa washirika katika maji, malisho na moto. Wanazuoni wa fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, waliifafanua kwa kutenga hali tatu. Maji ya mto, ziwa na mvua ni ya wote. Kisima kilichochimbwa na mtu katika ardhi yake humpa haki ya kutangulia, lakini maji yakizidi haja yake hana ruhusa ya kumzuia mwenye kiu wala mnyama. Maji yaliyokwisha kuchotwa na kutiwa chomboni ni mali ya aliyechota, naye aweza kuyauza. Hata hivyo, mtu anayekaribia kufa kwa kiu ana haki inayoshinda umiliki huo.

Kisa cha kisima cha Ruma, Madina, kinaongeza jambo jingine. Uthman bin Affan alikinunua kutoka kwa mwenyewe, aliyekuwa akiuza maji yake, kisha akakiweka wakfu ili kila mtu anywe bure. Hakupora mali ya mtu, wala hakuwaacha maskini na kiu. Aliibeba gharama mwenyewe. Desturi ya wakfu ilienea hadi pwani ya Afrika Mashariki, ambako visima na mabirika ya misikiti yaliwahudumia watu wa mtaa mzima. Huko Unguja, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alivuta maji safi ya chemchemi kwa mabomba hadi mjini.

Ukristo hufika karibu na hapo kwa njia nyingine. Injili ya Mathayo huhesabu hata kikombe cha maji baridi anachopewa mdogo kuwa tendo lenye thawabu. Katika Injili ya Yohana, Yesu anaomba maji kwa mwanamke Msamaria ilhali Wayahudi na Wasamaria walikuwa hawachangamani. Mafundisho hayo mawili yanaonyesha kwamba kiu haiulizi kabila wala cheo.

Jibu la tatu limo katika mifereji ya Wachaga, iitwayo mifongo, ambayo kwa vizazi vingi imeshusha maji ya mito ya Kilimanjaro hadi kwenye migomba na nyumba za watu. Ukoo uliochimba mfereji ndio uliousimamia na kugawa zamu. Aliyekosa kufika siku ya kuusafisha aliadhibiwa. Hapa haki ya kutumia maji ilifungamana na kazi ya kuyafikisha na kuyatunza.

Mapokeo hayo matatu yakiwekwa pamoja, tofauti muhimu hujitokeza: maji yenyewe ni jambo moja, na kazi ya kuyaleta ni jambo jingine. Hakuna aliyeyaumba maji, kwa hiyo hakuna awezaye kudai kwamba mwenzake hastahili kuyanywa. Lakini mtu alichimba kisima, akatandaza mabomba na kununua pampu, na mtu huyo ana haki ya kurudishiwa gharama yake.

Tofauti hiyo husaidia kuelewa mvutano wa siku hizi. Mwaka 1992, mkutano wa kimataifa uliofanyika Dublin ulitangaza kwamba maji yana thamani ya kiuchumi na yahesabiwe kuwa bidhaa. Tarehe 28 Julai 2010, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua maji safi ya kunywa na usafi wa mazingira kuwa haki ya binadamu. Mwaka huohuo, Katiba mpya ya Kenya iliandika katika Ibara ya 43 kwamba kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha.

Tanzania imezipitia njia zote mbili. Mwaka 1971 serikali ilianzisha mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia wanavijiji maji umbali usiozidi mita 400. Maji ya vijijini yalitolewa bure, na mzigo ukabaki kwa serikali. Kufikia 1991 lengo lilikuwa halijafikiwa na miradi mingi ilikuwa imekufa kwa kukosa matengenezo. Sera ya mwaka huo ikaanza kuwataka wananchi wachangie. Sera ya Maji ya 2002 ilishika mkondo huo, ikaweka kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku, umbali wa mita 400, na kituo kimoja cha kuchotea kwa watu 250.

Funzo lake ni kwamba haki isiyo na mtu wa kununua kipuri huishia kwenye karatasi. Hata hivyo, bei nayo ina mpaka. Malipo yanayolipia umeme, fundi na vipuri ni ya haki. Malipo yanayomrudisha mtu bwawani kwa sababu hana kitu mfukoni ni dhuluma, hata kama hesabu za mradi zimekaa sawa.

Mtoto yuko wapi katika hoja hii? Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 yote huzitaka nchi zimpatie mtoto maji safi ya kunywa. Mkataba wa Afrika unaongeza, katika Ibara ya 31, kwamba mtoto naye ana wajibu kwa familia na jamii yake, kwa kadiri ya umri na uwezo wake. Kwa hiyo mtoto kusaidia si kosa. Suala ni aina ya msaada anaotakiwa kutoa.

Mwanafalsafa Immanuel Kant alifundisha kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Kipimo hicho kinafaa hapa. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20, karibu sawa na uzito wa mtoto anayeanza darasa la kwanza. Mwanafunzi anayetolewa darasani kwenda kuchota maji ya kumwagilia bustani ya shule amegeuzwa bomba. Mzigo huo pia haugawanywi sawa: ripoti ya WHO na UNICEF ya 2023 ilieleza kwamba katika kaya saba kati ya kumi zisizo na maji nyumbani, wanawake na wasichana ndio wachotaji wakuu. Shule inayowatuma wasichana peke yao inaendeleza dhuluma iliyoikuta.

Msaada unaomfaa mwanafunzi ni ule unaomjenga huku ukiinufaisha jamii, na wa kwanza ni elimu. Mwanafunzi aweza kueleza nyumbani kwamba maji maangavu si lazima yawe salama, kwa kuwa vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho. Kuyachemsha hadi yatokote huviua. Pasipo na kuni za kutosha, maji yasiyo na tope hutiwa katika chupa angavu za plastiki na kuanikwa juani kwa saa sita, au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Maji yaliyosafishwa huhifadhiwa katika chombo chenye mfuniko na kuchotwa kwa kata yenye mpini mrefu, mikono isiyaguse.

Elimu hiyo ina mipaka yake pia. Katika sehemu za Arusha, Kilimanjaro na Singida maji ya ardhini yana floridi nyingi, inayotia meno ya watoto madoa ya kahawia na, ikizidi, kudhuru mifupa. Kuchemsha hakuiondoi. Mwanafunzi anayelijua hilo atauliza kama kisima kipya kimepimwa, na swali hilo ni mchango.

Msaada wa pili ni hesabu na uangalizi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 500 kwa msimu hupokea lita 50,000, kabla ya kutoa kinachopotea. Darasa linaloweza kupiga hesabu hiyo lina hoja ya kupeleka kwa kamati ya shule kuomba mifereji ya paa na tangi. Wanafunzi pia waweza kuandika siku ambazo pampu haikufanya kazi, na kumbukumbu hizo zikawasaidia wazazi kuidai huduma.

Wa tatu ni kulinda chanzo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 za kingo za mto au ziwa. Klabu ya mazingira yaweza kupanda miti ya asili eneo hilo na kuepuka mikaratusi, inayofyonza maji mengi.

Upo pia msaada wa fedha. Mwaka 1998 mtoto wa Kanada, Ryan Hreljac, aliyekuwa na miaka sita, alikusanya dola 70 kwa kazi za nyumbani akidhani zinatosha kuchimba kisima; alipoambiwa gharama ni dola 2,000, aliendelea. Mwaka uliofuata kisima kilichimbwa katika Shule ya Msingi Angolo, kaskazini mwa Uganda. Wema huo ni wa kusifiwa, ila hauiondolei serikali deni lake. Sadaka hutegemea moyo wa mtoaji, ilhali haki yaweza kudaiwa hata mtoaji asipotokea.

Jibu la swali la mwanzo ni kwamba maji ni ya wote, na kazi ya kuyaleta inamwajibisha kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Serikali hudaiwa miundombinu, watu wazima hudaiwa mchango na usimamizi, na mwanafunzi hudaiwa maarifa na utunzaji. Mtoto akitwishwa deni la wakubwa, asihesabiwe kuwa amesaidia, bali kuwa amedhulumiwa.