Habbat Sauda na Dhamana ya Anayesema "Itakuponya"



Ndugu msomaji, siku ya Ijumaa baada ya swala, mbele ya misikiti yetu huwapo meza ya tasbihi, miswaki, udi na vichupa vya mafuta ya habbat sauda. Kwenye karatasi ya kichupa yameorodheshwa maradhi: sukari, presha, pumu, ugumba, saratani. Chini yake imetajwa hadithi. Mtu akiuliza kama kweli imethibitika kutibu saratani, hujibiwa kwa swali: "Kwani wewe huyaamini maneno ya Mtume?" Je, kuomba ushahidi wa dawa iliyotajwa katika hadithi ni udhaifu wa imani?

Tuanze na hadithi yenyewe. Bukhari na Muslim wameipokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), na maana yake ni kwamba mbegu nyeusi ina shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Usahihi wake hauna mzozo. Walichojadili wanachuoni ni neno "kila". Al-Khattabi aliona kuwa tamko ni la jumla lakini linakusudia maradhi mahususi, kwa sababu hakuna mmea mmoja unaokusanya sifa za kupambana na maradhi yote. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, alilinganisha na aya ya Surat al-Ahqaf kuhusu upepo wa watu wa Aad: uliangamiza kila kitu, yaani kila chenye kukubali kuangamia, kwani aya hiyo hiyo inataja kuwa makazi yao yalibaki yakionekana. Upande wa pili, Ibn Abi Jamra aliwalaumu wanaoibana hadithi kwa kauli za matabibu. Wote hawa walimsadiki Mtume (s.a.w.), na bado walijadiliana. Basi kuuliza maana na mpaka wa hadithi hakumtoi mtu katika kusadiki.

Bukhari anasimulia pia kwamba Ghalib bin Abjar aliugua safarini, na walipofika Madina, Ibn Abi Atiq alikuja kumtazama. Akawashauri watumie mbegu hizo, lakini hakuishia hapo. Alitaja idadi, tano au saba, akasema zipondwe, zichanganywe na mafuta, kisha zidondoshwe katika tundu zote mbili za pua. Kati ya hadithi na mgonjwa palikuwa na hatua za kibinadamu: ugonjwa gani, kiasi gani, kwa njia gani. Hatua hizo mtu anaweza kupatia au kukosea, na kukosea kwake si kukosea kwa Mtume. Kwa hiyo anayeuliza ushahidi wa maneno yaliyoandikwa kwenye kichupa anamuuliza aliyeyaandika.

Na ushahidi unasemaje? Mmea huu kwa jina la kitaalamu ni Nigella sativa, na kiini chake kilichochunguzwa zaidi ni thaimokwinoni. Maabarani, kiini hicho kimezuia ukuaji wa seli za saratani ndani ya vyombo vya kioo. Lakini vingi vinavyoua seli ndani ya kioo havimponyi mtu. Majaribio kwa wagonjwa yapo, ila mengi yalikuwa madogo na ya wiki au miezi michache. Kadhaa yameonyesha kupungua kwa kiasi kwa sukari ya damu, presha na mafuta ya damu, na mara nyingi wagonjwa hao walikuwa wakiendelea na dawa zao za hospitali. Hiyo ni kheri ya kushukuriwa. Hata hivyo haijathibitika kwamba mafuta haya yanaponya saratani au Ukimwi, wala kwamba yanachukua nafasi ya insulini.

Sasa tumfikirie kijana ambaye mwili wake hautengenezi insulini. Akiambiwa, "Tupa sindano, hii ni tiba ya Mtume," akatii, anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwingine akiyachanganya mafuta hayo na vidonge vyake bila kumwambia daktari, sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Utasema: muuzaji ana nia njema. Huenda. Lakini Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah wamepokea hadithi ambayo maana yake ni kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara atakayosababisha. Kinachomfunga hapo ni kukosa elimu, na nia njema haiijazi nafasi hiyo. Na atakayekosea huku amelitanguliza jina la Mtume amemdhuru mgonjwa, kisha amewafanya jamaa zake waitilie shaka hadithi ambayo haikuwa na kosa lolote.

Wapo pia ndugu zetu ambao kila utafiti mdogo ukitoka husambaza habari kwamba sayansi imeithibitisha hadithi. Nawaelewa, ila nawauliza: utafiti wa mwakani ukija na matokeo tofauti, mtaitoa imani mliyoitundika hapo? Hadithi tunaipokea kwa isnadi yake. Majaribio tunayahitaji kwa jambo jingine: kujua kiasi, ugonjwa, na usalama wa mgonjwa aliye mbele yetu.

Tumieni habbat sauda, na mkusudie kufuata Sunna. Mkiulizwa na mzazi au jirani mgonjwa, mwambieni mnachokijua, na mwambieni asiache dawa zake kabla ya kuzungumza na daktari. Wenzetu wa udaktari na famasia wakae na sisi tunaosoma dini, tuwaeleze watu pamoja, hapo hapo penye meza za Ijumaa.

Wallahu aalam.