Macho Mawili, Ukurasa Mmoja

Je, jicho ni shahidi wa kuaminika? Chukua mtu wa Bukavu aliyeondolewa mtoto wa jicho upande mmoja, akapewa miwani nene badala ya lenzi ya ndani. Miwani ile hukuza taswira kwa robo au zaidi, ilhali ubongo hutaabika hata tofauti ikiwa asilimia 5 tu. Akifungua Biblia, mstari mmoja unakuwa miwili, herufi kubwa imepanda juu ya ndogo, kichwa kinamgonga. Mwishowe hufumba jicho moja ndipo asome. Kila jicho peke yake linaona barabara, wala hakuna linalodanganya. Ndiyo maana nadai kwamba kuona ni kupatanisha: ulimwengu mmoja tunaouona ni hukumu iliyokwisha kutolewa kabla hatujajua kwamba kulikuwa na kesi.

Atapinga mtu: basi yote ni njozi, hata Ziwa Kivu na kisiwa cha Idjwi! Hapana. Kosa la macho tunaligundua kwa macho hayohayo, tukisaidiwa na mkono na kipimo. Mwingine atauliza kwa nini Muumba hakutupa jicho moja, ugomvi uishe. Lakini tofauti ndogo baina ya macho ndiyo inayotuonyesha kina. Humsaidia mama anayeteremka na mzigo vilima vya Kadutu, hukohuko Bukavu, kujua mguu utue wapi. Na yule msomaji wa Biblia, je? Mwaka 1949, jijini London, daktari Harold Ridley alipandikiza lenzi ndani ya jicho. Kwa lenzi ya namna hiyo, tofauti ya ukubwa wa taswira hushuka hadi asilimia 1 au 2, na mstari hurudi kuwa mmoja.