Kiunganishi "na" na Uhalali wa Vita vya Ugenini

Henry Muhanika aliuita utenzi wake Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Suala zito la kimaadili limo katika kiunganishi "na". Majeshi ya Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Tanzania ilikuwa na haki ya kuyatimua. Hilo halina ubishi. Je, haki hiyo ilifika hadi Kampala, iliyotekwa Aprili 1979, ilhali Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1963 ulikataza kuingilia mambo ya ndani ya nchi nyingine?

Twaonelea kwamba kujihami pekee hakutoshi kuwa jibu. Kinachohalalisha hatua ya pili ni mateso ya Waganda wenyewe, ambao baadhi yao walipigana pamoja na Watanzania. Hata hivyo, aingiaye kwa jina la wenyeji hupimwa kwa hali anayowaachia. Mwaka 1980 Rais Binaisa alipinduliwa majeshi ya Tanzania yangaliko huko. Mwaka 1981 vikazuka vita vya msituni. Hivyo basi, kuvuka mpaka kulikuwa halali, lakini uhalali huo haukukamilika kwa ushindi. Wenye kuukadiria ni Waganda, wala si washindi.