Ni Nani Kigeugeu?

Neno "kigeugeu" ni jepesi ulimini, lakini ni zito kwa anayetupiwa. Mtu akishaitwa hivyo barazani, ahadi yake haitegemewi tena, wala rai yake haisikizwi. Basi neno lenye kuvunja heshima ya mtu kiasi hiki haifai kulitumia ila baada ya kuijua maana yake.

Asili yake ni kugeuka. Lakini natuangalie namna lilivyoundwa: "geu" imetajwa mara mbili. Na ni desturi ya lugha yetu kwamba kinachokaririwa katika neno huwa kinakaririwa katika kitendo. Anayeyumbayumba hakuyumba mara moja, wala anayetangatanga hakutanga siku moja. Kigeugeu, basi, ni yule ambaye kugeuka ndiko tabia yake: leo yuko huku, kesho kule, keshokutwa amerudi huku, kwa kumfuata mwenye nguvu au kuifuata faida. Ama aliyegeuka kwa hoja, akathibiti juu ya lile alilogeukia, huyo hayumo katika neno hili.

Mabaharia wanaijua tofauti hii. Upepo ukiwa wa mbele, nahodha hubisha: hukielekeza chombo upande huu, kisha hukigeuza upande wa pili, na asiyeijua bahari humdhania amepotea njia. Kumbe kila ageukapo anaisogelea bandari ile ile. Ama chombo kiendacho mrama, hicho nacho huinama huku na huku, lakini kinachokiendesha ni mawimbi.

Imamu Shafi, ambaye wengi wetu katika pwani hii twafuata madhehebu yake, alikuwa na kauli alizozitoa Iraq. Alipohamia Misri aliendelea kuzichungua dalili, na katika masuala mengi akaziacha kauli zile akashika nyingine, hata wanavyuoni wakazigawa mafungu mawili: za kale na mpya. Alifariki huko Misri mwaka 204 wa Hijria, yaani 820. Kubadili kwake kauli kunahisabiwa katika elimu yake, si katika aibu zake.

Sasa tuchukue mfano ulio karibu nasi. Baba ameshikilia kuwa bintiye hataendelea na masomo. Baadaye akapewa hoja, akazipima, akaridhika, akampeleka skuli. Wenzake wakamcheka: "Ewe bwana, umekuwa kigeugeu!" Naye kwa kuona haya akamtoa. Je, ni siku gani mtu huyu alistahili jina hilo: siku aliyompeleka, au siku aliyomtoa? Bila shaka ni siku ya pili. Mara ya kwanza aligeuzwa na hoja. Mara ya pili aligeuzwa na kicheko. Na waliomwita jina hilo ndio waliomfanya awe hivyo, na aliyelipa gharama ni mtoto.

Hiyo ndiyo hatari ya kulitumia neno pasipo mahali pake. Watu huogopa kuiacha batili wakashikilia wasichokiamini tena, na ukaidi wao ukaitwa uthabiti.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita mwenzetu kigeugeu, natuulize mambo mawili: ni nini kilichomgeuza, na je, amepata au amepoteza kwa kugeuka kwake? Aliyegeuka kwa dalili, akapata hasara na bado akasimama imara, huyo ni mkweli. Na anayegeuka kila penye pato, neno ni lake, na apewe.