Sadaka ya Maji na Chupa Yake

Kila mwezi wa Ramadhani misikiti yetu ya Pwani hupokea maji ya kufuturishia, makatoni kwa makatoni. Mwenye kuyatoa huyatoa kwa nia njema, na ujira wa mwenye kumfuturisha mwenziwe hauna shaka. Lakini twapenda kuwauliza ndugu zetu suali moja: maji yamekwisha kunywewa, chupa je, ni ya nani?

Mtu aweza kujibu kuwa ni ya aliyekunywa, na akiitupa mtaroni dhambi ni yake. Jawabu hili lina nguvu. Wanavyuoni wa fiqhi hupambanua baina ya mwenye kutenda dhara kwa mkono wake na mwenye kuwa sababu tu, na wawili hao wakikutana, hukumu humwendea mtendaji. Basi mbele ya kadhi mtoaji ameokoka. Lakini wanavyuoni hao hao wamemtoza mwenye kuchimba shimo katika njia ya watu bila ya idhini akatumbukia mtu, ijapokuwa hakumsukuma. Nasi twajua, wala si kwa kudhani, kuwa mvua ikinyesha mitaro ya mji huchukua takataka hadi baharini, na kuwa plastiki haiozi kama kifuu cha nazi, bali humeguka vipande vidogo vidogo ambavyo samaki huvila. Aujuaye mwisho wa kitu atajitetea kwa lipi?

Wako wanaosema: chupa zitaokotwa, zitayeyushwa, zitafanywa vitu vingine. Ni kweli, na kazi hiyo yastahiki kusifiwa. Mafundi wa Lamu waliunda jahazi kwa plastiki iliyookotwa, na mwaka wa 2019 likasafiri hadi Unguja. Lakini plastiki si dhahabu. Kila ikiyeyushwa hupungua nguvu. Tena muokotaji huokota chenye bei. Chupa ataichukua, karatasi ya biskuti na mrija wa sharubati ataviacha, kwani havimpi kitu. (Na kuondoa udhia njiani, ambako tumefundishwa kuwa ni katika matawi ya imani, tumemwachia maskini huyu peke yake!)

Zamani mtu hakuhitaji kuambiwa kapu ni nini; kisha tukazoea mifuko ya plastiki hata tukadhani soko haliendeki bila ya hiyo. Serikali ilipoipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017, kwa faini ya hadi shilingi milioni 4 au kifungo cha hadi miaka 4, makapu yakarudi mikononi. Khofu ya askari ilitosha. Chupa hazikuwamo katika marufuku ile, na hapa ndipo ijulikanapo khofu yetu ni ya nani.

Tangi la maji safi lenye bomba, na vikombe vya kuoshwa, vyatosha msikitini. Tumesikia udhuru kuwa vikombe vyataka mtu wa kuviosha. Basi na awekwe, alipwe kwa fedha zile zile za makatoni.