Nani Atamgeuza Mgonjwa?

Kijana ameanguka na pikipiki katika barabara ya Bukoba kwenda Muleba. Ameumia uti wa mgongo, na miguu haisikii tena. Majuma ya kwanza nyumba yao hujaa watu. Huyu analeta mkungu wa ndizi, yule analeta kuku. Mwaka haujaisha, wageni wamekoma, na kijana amebaki kutazama ukuta. Hapo ndipo vinapoanza vidonda viwili, kimoja mwilini na kingine moyoni. Twauliza leo: kumkinga na vidonda hivyo ni huruma tu, ambayo mtu aweza kuitoa au kuizuia apendavyo, au ni deni?

Tufahamu kwanza kidonda cha kulalia ni kitu gani. Mahali ambapo mfupa u karibu na ngozi, kama vile kitakoni, nyongani na visiginoni, uzito wa mwili huibana mishipa midogo. Damu haipiti, na nyama hufa. Mtu mzima wa afya hujigeuza usingizini bila kujua. Aliyepooza hapati onyo la maumivu, wala hana nguvu za kugeuka. Kwa hiyo wauguzi hufundisha ageuzwe mara kwa mara, kwa desturi kila baada ya saa mbili, awe mkavu, tena ale vyakula vya kujenga mwili: maharage, mayai, dagaa na samaki wa ziwa letu.

Kidonda kikifika mfupani, kuosha na kufunga dawa pengine hakutoshi. Hapo daktari mpasuaji huiondoa nyama iliyokufa, hata na mfupa ulioharibika. Kisha huchukua kipande cha ngozi na nyama ya jirani, kikiwa bado na mishipa yake ya damu, na kukigeuza ili kiliz­ibe shimo. Ni kazi ya ustadi, na wengi hulazimika kusafiri mbali kuipata. Lakini baada yake mgonjwa hukaa majuma kadhaa bila kulalia mahali pale. Akirudi nyumbani kwenye godoro lile lile, asigeuzwe vile vile, kidonda nacho hurudi. Basi kazi ya daktari huhifadhiwa na watu wa nyumbani, au huharibiwa nao.

Kidonda cha pili, madaktari hukiita sonona. Wapo wasemao kwamba ni uvivu, au ni upungufu wa imani. Sivyo. Ni ugonjwa, nao huwapata zaidi watu walioumia uti wa mgongo kuliko watu wengine. Utafiti wa miaka mingi umeonyesha kwamba mazoezi ya viungo huwapunguzia wengi sonona, ingawa hayachukui nafasi ya dawa na ushauri kwa anayevihitaji. Hata aliyepooza miguu anayo mazoezi yake: kuinua chupa za maji kwa mikono, kusukuma kiti cha magurudumu, na kujiinua kwa mikono kutoka kitini. Zoezi hili la mwisho hukipumzisha kitako pia, maadamu hakina kidonda.

Jambo hili si ndoto. Zamani aliyevunjika uti wa mgongo alihesabiwa kuwa amekwisha. Mwaka 1944, huko Stoke Mandeville nchini Uingereza, daktari Ludwig Guttmann aliamuru wagonjwa wake wageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana; tena akawapa michezo. Mwaka 1948 walishindana 16 kwa upinde na mishale. Mwaka 1960 michezo yao ilifanyika Roma, mwaka ule ule ambao Askofu Laurean Rugambwa wa Rutabo alifanywa Kardinali mjini humo. Leo ulimwengu mzima unaijua kwa jina la Paralimpiki. Mwanzo wake ulikuwa mikono ya wauguzi iliyogeuza watu kitandani.

Lakini sonona humnyang'anya mtu zile nguvu za kuanza. Kumwambia “jikaze” ni sawa na kumwambia aliyepooza ajigeuze. Hatua ya kwanza ni ya jirani yake.

Mtu atajibu: “Kahawa inangoja kuchumwa, watoto wanadaiwa shuleni, nitapata wapi nafasi?” Ni neno la kweli, wala hatulidharau. Kila baada ya saa mbili maana yake ni mara 12 kwa usiku na mchana. Hakuna mtu mmoja awezaye kulibeba hilo mwaka mzima. Hata hivyo twajua ya kuwa mara nyingi hubebeshwa mmoja: mke, au mama mzee, au binti aliyeachishwa masomo. Hiyo ni dhuluma juu ya dhuluma. Yule mgonjwa wa Kapernaumu alichukuliwa na watu wanne. Na jirani zetu wa Kigezi, Uganda, walikuwa na vyama vya machela viitwavyo engozi, ambavyo kila nyumba ilitoa wachukuzi kwa zamu, na mkwepaji alitozwa faini. Sisi wenyewe tunavyo vyama vya kuzikana, na asiyeonekana matangani huulizwa. Tumeweza kuwawekea zamu wafu. Je, walio hai tunawaachaje?

Kwa hiyo jibu letu ni kwamba hili ni deni. Haja twaijua, dawa i mikononi mwetu, na madhara hutokana na kutokuwapo kwetu. Huruma huja ikipenda. Deni lina saa yake.

Basi kila jumuiya iwe na orodha: nani atamgeuza asubuhi, nani usiku wa manane, nani ataleta dagaa, nani atamsukuma hadi chini ya migomba na kufanya mazoezi pamoja naye. Wanaume nao waandikwe. Na tukimtembelea mgonjwa, tusiishie kumwuliza habari zake. Tuulize amegeuzwa saa ngapi, kisha tukunje mikono ya shati.