Televisheni katika Nyumba ya Mkristo

Somo: Kumbukumbu la Torati 6:4–12

Mwezi huu twataka kunena nanyi habari ya chombo ambacho sasa kimo katika nyumba nyingi, mjini na shambani pia, wala watu wachache sana waliuliza kwanza kitafanya kazi gani humo. Ni televisheni. Waalimu kadhaa wametuomba tuandike juu yake, wengine wakitaka tuikataze kabisa, wengine wakitaka tuwanyamazishe wale wanaoikataza. Hatutafanya hili wala lile kabla ya kulisikiliza Neno.

Katika somo letu Musa asimama mbele ya Israeli, nao wako karibu kuvuka Yordani. Awaambia kwamba amri za Mungu zikae kwanza mioyoni mwao wenyewe, ndipo wawafundishe watoto wao. Na angalieni mahali anapokiweka chuo hiki. Hakiweki katika hema ya kukutania, wala hawapi makuhani peke yao kazi hiyo. Akiweka nyumbani: baba aketipo, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo asubuhi. Maana mtoto hujifunza Mungu ni nani kutoka kinywa cha mtu ambaye amemwona akila, akichoka, akikasirika na kusamehe. Tena Musa aogopa jambo moja, naye alitaja waziwazi katika aya za kumi na moja na kumi na mbili. Wataingia katika nyumba zilizojaa vitu vyema ambavyo hawakuvijaza wao, watakula na kushiba, kisha watamsahau Bwana. Adui mwenye upanga hakumtia hofu kama shibe.

Daktari Martin Luther aliliona jambo lilo hilo. Alipozikagua sharika za Saksonia mwaka 1528 alikuta watu waliobatizwa wasiojua Sala ya Bwana wala Amri Kumi. Basi mwaka 1529 akatoa Katekisimo Ndogo, na juu ya kila fungu akaandika kwamba baba mwenye nyumba awafundishe haya watu wa nyumbani mwake kwa maneno mepesi. Akaongeza sala ya asubuhi, sala ya jioni na sala za mezani. Katekisimo ile twaitumia sana katika darasa la kipaimara, hata tumesahau kwamba ilikuwa kitabu cha sebuleni.

Sasa tuiangalie televisheni yenyewe. Mtu aliyeionyesha kwanza mbele ya wataalamu huko London, mwezi wa Januari 1926, ni John Logie Baird wa Scotland, naye alikuwa mwana wa mchungaji. Basi wasioipenda wasiseme kwamba imetoka kwa wapagani. Kenya ilipata televisheni mwaka 1962, Uganda mwaka 1963, Zanzibar mwaka 1973. Tanzania Bara ilikawia mno. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikuitaka, ikiona kwamba itawafaa watu wachache wa mjini wenye fedha na kuwaacha wakulima nyuma. Basi ikashikamana na redio. Mwaka 1994 ndipo vituo vya kwanza, navyo vya watu binafsi, vilipoanza Dar es Salaam.

Fikirini maana yake. Mtu aliyezaliwa mwaka ule, ambaye leo aweza kuwa baba au mama wa nyumba, ni wa kizazi cha kwanza kwetu Bara kulelewa pamoja na picha hizi. Wazee waliomlea hawakuwa na desturi ya kumrithisha juu yake. Juu ya pombe wazee walikuwa na sheria: nani anywe, wakati gani, aketi wapi na pamoja na nani. Juu ya ngoma walikuwa na sheria. Juu ya televisheni hapakuwa na mzee wa kuulizwa. Ilikuja kama mgeni, nasi sote twaijua mithali ya kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Mgeni huyu hajapewa jembe hata leo. Tena yeye ndiye alipwaye: mitambo ya zamani ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na miji mingine ikafuata, kila nyumba ililazimika kutafuta king'amuzi, nao walionunua kwa kukopa si wachache. Watunza hazina wa sharika watatusadiki tukisema kwamba king'amuzi hulipiwa mapema kuliko bahasha ya ahadi.

Lakini fedha ni jambo dogo. Jambo kubwa ni jioni. Saa mbili ya usiku ni saa ya taarifa ya habari, na baada yake huja tamthilia. Saa hiyo ndiyo watu wa nyumba walipokuwa wakikusanyika: mama ametoka sokoni au shambani, watoto wameoga, chakula kiko motoni, na bibi yupo pale na hadithi zake. Mtu aweza kusema kwamba redio nayo ilinena saa ile ile. Ndiyo, walakini redio huyaachia macho nafasi. Mama aweza kuchambua mchele na kumtazama mwanawe usoni huku akisikiliza, akaona kwamba mtoto huyu leo ana huzuni. Televisheni yataka uso. Watu sita huketi bega kwa bega saa tatu nzima, na wakiondoka kwenda kulala hakuna aliyemtazama mwenziwe.

Hivi karibuni tulimpelekea Chakula cha Bwana mama mmoja mzee asiyeweza kutembea. Walikuwapo sebuleni mwanawe, ambaye ni mtu mwema na mwenye bidii katika usharika, na wajukuu, na televisheni. Mwana yule alipunguza sauti, asiizime. Tukasoma maneno ya Bwana ya usiku ule aliosalitiwa, na ukutani, juu ya kichwa cha yule mama, watu wakaendelea kugombana pasipo sauti. Wajukuu walipiga magoti kwa adabu, lakini macho yao yalikuwa huko. Mama akamgeukia mwanawe, akasema, “Baba, hawa wageni wako hawanyamazi hata Bwana akija?” Akaizima, tukaimba.

Wengine husema kwamba picha hazimbadilishi mtu, ni za kuchekesha tu. Hao twataka kuwapeleka mbali kidogo, katika visiwa vya Fiji, ambako wenyeji wengi ni Wakristo. Kwao mwili ulionawiri ulikuwa heshima, si ya mwenye mwili tu, bali ya jamaa na majirani waliomlisha. Msichana akikonda, watu waliuliza ni nani aliyeacha kumtunza. Televisheni ilifika katika jimbo la Nadroga mwaka 1995. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Anne Becker, aliwauliza wasichana wa shule mwaka ule ule, akarudi kuuliza tena mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema kwamba hujitapisha ili akonde. Mara ya pili watu 11 katika kila 100 walisema hivyo, na 74 katika 100 walisema kwamba huwa wajiona wanene mno. Wenye elimu hawasemi kwamba televisheni peke yake ndiyo iliyofanya haya, maana mengi yalikuwa yakigeuka katika visiwa vile. Hata hivyo wasichana wenyewe walieleza ni akina nani waliotaka kufanana nao: ni wale waliowaona katika picha. Kwa miaka mitatu tu mwili uliokuwa ushuhuda wa upendo wa majirani ulianza kuwa aibu. Bwana Yesu katika mahubiri ya mlimani alilifananisha jicho na taa ya mwili (Mt. 6:22–23), nasi twaona hakusema kwa mfano wa bure. Wasichana wetu, wanaojichubua ngozi kwa dawa zenye sumu ili wafanane na mtu fulani, hawana tofauti kubwa na wale wa Fiji.

Yatupasa tena kusema la upande wa pili, kwa kuwa amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo, na chombo kisicho na roho nacho kisisingiziwe. Huko India watu wawili wenye elimu, Robert Jensen na Emily Oster, waliandika mwaka 2009 kwamba vijijini ambako televisheni ya waya iliingia, wanawake walipungua kukubali kwamba ni halali mume kumpiga mkewe, na upendeleo wa kutaka wana wa kiume tu ukapungua. Wahubiri wangapi wamehubiri habari hiyo miaka mingi pasipo kuona tunda? Na kwetu, mwaka 2011, TBC ilionyesha tamthilia ya Wachina iliyotiwa maneno ya Kiswahili, habari za mwanamke kijana Doudou na mama wakwe zake. Mabibi wetu waliitazama kwa furaha, wakagundua kwamba taabu ya mkwe na mkaza mwana yajulikana hata China. Rais wa nchi ile, Xi Jinping, aliitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. Wala Kanisa letu halikuvidharau vyombo vya namna hii. Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilifungua redio ya Sauti ya Injili huko Addis Ababa mwaka 1963, na watu wa lugha nyingi wakaisikia hata serikali ya Ethiopia ilipoitwaa mwaka 1977.

Kwa hiyo hatuwezi kuwaandikia kwamba kuwa na televisheni ni dhambi. Luther, akiieleza amri ya kwanza katika Katekisimo Kubwa, afundisha kwamba mungu wa mtu ni kile ambacho moyo wake wakitegemea na kukikimbilia. Basi baba wa nyumba na ajipime: akirudi jioni amechoka, moyo wakimbilia wapi? Umeme ukikatika saa mbili, nyumba yake hupatwa na nini? Tumewasikia watoto wakisema kwamba usiku ule umeme ulipokatika baba alisimulia habari za ujana wake, na kwamba walitamani ukatike tena. Habari hii yatosha kumfikirisha mtu kuliko mahubiri yetu.

Zamani kidogo televisheni moja katika mtaa iliwakusanya majirani. Watoto wa nyumba nyingine walisimama dirishani, wakaitwa ndani, wakapewa na chai. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyetumika Moshi hata mwaka 1938, alifundisha sana kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe amewafungia watu. Vijana wajazanao katika vibanda umiza kutazama mpira wa Ulaya, hata kama twasikitika kwa kelele na kamari za mahali pale, angalau wako pamoja kama rika. Tunaloliogopa zaidi ni hili la sasa, ambapo picha zimetoka sebuleni zikaingia katika simu, na kila mtu huziangalia peke yake chini ya blanketi. Nabii Ezekieli alionyeshwa wazee wa Israeli gizani, kila mtu katika chumba chake cha sanamu, wakidhani kwamba Bwana hawaoni (Eze. 8:12). Wazazi wanaosema, “Afadhali mtoto wetu hatazami televisheni,” wafungue mlango waone anatazama nini.

Ninyi waalimu wa kipaimara, msiwakemee watoto kwa kuwa wazijua tamthilia. Waulizeni. Mwalimu mmoja huwaambia wamsimulie yaliyotokea jana, kisha auliza: mtu yule alivunja amri ipi? Ni ya sita, au ya nane? Aliyedanganywa alitendewa nini? Na matangazo ya biashara yaliyokatiza hadithi yalimtaka mtazamaji atamani nini, na amri ya tisa na ya kumi zasemaje? Watoto wake huzijua amri kuliko watoto wa madarasa mengine, maana wamezikuta zikivunjwa mbele ya macho yao. Na katika mtaa mmoja nyumba kadhaa zimepatana kufanya sala ya jioni saa moja na nusu, kabla ya taarifa ya habari. Walijaribu kwanza kuifanya baada ya tamthilia, wakaona watoto wamekwisha kulala na watu wazima wapiga miayo. Sala yenyewe ni fupi: fungu la Neno, Sala ya Bwana, wimbo mmoja, na kila mtu ataja jambo moja la siku ile. Hilo la mwisho huchukua muda mrefu kuliko yote, nao wasema hawataki kulipunguza.

Limebaki swali tuliloletewa na wazee wa mitaa miwili. Wauliza kama mgonjwa atazamaye ibada ya Jumapili katika televisheni yafaa ahesabiwe kuwa amekuja kanisani, wasipate haja ya kumtembelea. Twajibu: ibada ile na aitazame, amshukuru Mungu, maana imani huja kwa kusikia, na Neno la Mungu halipungui nguvu kwa kupita katika chombo. Lakini mkate na divai hupokewa kwa mkono na kinywa, na mgonjwa ataka kushikwa mkono na mtu amjuaye jina lake. Basi kila mzee wa mtaa aandike majina ya wagonjwa na wakongwe wasioweza kufika, hata walio na televisheni kubwa, ayalete kwa mchungaji kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Na siku tutakapokwenda afuatane nasi yeye mwenyewe, pamoja na waimbaji wawili au watatu.